Shahidi Asiyehojiwa: Uhakiki wa Ushuhuda wa Mgonjwa wa Figo Aliyepona kwa Dawa ya Chupa

Sisi tunaojifunza Kiswahili katika nchi jirani tulikutana na neno ushuhuda mahali pengi kabla ya kulikuta darasani. Tulilisikia kanisani, mahakamani, redioni, na ndani ya basi pale muuza dawa anaposimama na chupa mkononi na kumtaja mtu aliyepona. Mzizi wa neno hili ni ule ule wa shahidi. Hata hivyo, shahidi wa mahakamani huulizwa maswali na upande wa pili, ilhali shahidi wa chupa haulizwi na yeyote. Katika makala haya ninauhakiki ushuhuda wa aina hii ya pili kama utanzu wa masimulizi. Mfano ninaoutumia ni barua za wagonjwa wa figo wa Marekani waliotangaza kuwa wameponywa na dawa za chupa, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Nimeuchagua mfano huo kwa sababu utanzu huu ulikomaa huko, ulichapishwa kwa wingi, na hatimaye walitokea watu waliofuatilia yaliyowapata wasimulizi baada ya hadithi zao kwisha. Ufuatiliaji wa namna hiyo ni adimu.

Hoja yangu ni kwamba udhaifu wa ushuhuda hauko katika unafiki wa msimulizi. Wengi wa wasimulizi hawa walisema kweli kama walivyoijua. Udhaifu uko katika umbo lenyewe. Msimulizi wa nafsi ya kwanza anapewa nafasi ya kuthibitisha jambo asiloweza kulijua, na hadithi yake inakatwa kabla haijafika mwisho. Mhakiki anayewinda uongo peke yake atatoka mikono mitupu, na chupa itaendelea kuuzwa.

Dawa na muuzaji wake

Ninaposema dawa za chupa ninakusudia dawa zilizouzwa moja kwa moja kwa umma, bila cheti cha daktari, kwa jina la biashara, huku mchanganyiko wake ukiwa siri. Waingereza na Wamarekani waliziita dawa za hataza, lakini nyingi kati yake hazikuwa na hataza yoyote, kwa kuwa anayeomba hataza hulazimika kueleza hadharani amechanganya nini. Kilicholindwa na sheria kilikuwa jina, lebo na umbo la chupa. Kwa hiyo, tangu mwanzo, mali kubwa ya mfanyabiashara huyu ilikuwa maneno na picha.

Mfano mzuri ni H. H. Warner wa mji wa Rochester, jimbo la New York. Warner alipata utajiri wake wa kwanza kwa kuuza masefu ya chuma ya kuhifadhia fedha. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipatwa na ugonjwa wa figo ulioitwa ugonjwa wa Bright, akakata tamaa, akanywa dawa ya Dk. Charles Craig wa mji huohuo, akapona. Baada ya kupona akanunua haki ya kuitengeneza dawa hiyo, na mwaka 1879 akaanza kuiuza kwa jina la Warner's Safe Kidney and Liver Cure, yaani tiba ya Warner ya figo na ini. Kwenye kioo cha chupa palichongwa picha ya sefu. Neno safe katika Kiingereza lina maana mbili, sefu na salama, na Warner alizitumia zote mbili kwa mkupuo mmoja. Biashara yake ilifika London, Frankfurt na Melbourne. Faida ilikuwa kubwa hata akaujengea mji wa Rochester kituo cha kutazamia nyota, kabla ya kufilisika katika mtikisiko wa uchumi wa mwaka 1893.

Tuone basi kwamba chanzo cha biashara nzima kilikuwa ushuhuda. Muuzaji mwenyewe ndiye mgonjwa wa kwanza katika hadithi yake, na barua zote zilizofuata ziliirudia hadithi hiyo kwa majina mengine.

Muundo wa hadithi

Barua hizi zinafanana mno. Msimulizi huanza kwa kutaja jina lake, kazi yake na mji anakoishi. Hueleza mateso ya miaka: maumivu ya mgongo, miguu iliyovimba, usiku usio na usingizi, mkojo uliobadilika. Madaktari huja mmoja baada ya mwingine na kushindwa, na mara nyingi mmoja wao hutaja muda mfupi wa kuishi uliobaki. Kisha jirani, gazeti au kalenda ya bure humletea habari ya dawa. Chupa ya kwanza huleta nafuu, chupa kadhaa huleta uzima. Mwishoni msimulizi hushukuru na kuwahimiza wenye mateso kama yake wafanye alivyofanya yeye.

Mwanafunzi aliyemsoma Vladimir Propp, mtaalamu wa Kirusi aliyechapisha uchambuzi wake wa muundo wa ngano mwaka 1928, atautambua mpangilio huu mara moja. Yupo shujaa aliyepungukiwa na kitu, wapo wanaojaribu na kushindwa, yupo mtoaji anayetokea njiani, na kipo kifaa cha ajabu. Daktari hupewa nafasi ya shujaa wa uongo, anayedai uwezo asio nao. Nafasi hiyo ilikuwa na msingi wa kweli. Katika miaka ya 1880 daktari hakuwa na tiba ya figo zilizokwisha haribika. Mashine ya kusafisha damu ilianza kutumika kwa binadamu katika miaka ya 1940, kwa kazi ya Willem Kolff huko Uholanzi, na upandikizaji wa figo uliofaulu ulifanyika Boston mwaka 1954. Aliyeandika kwamba madaktari walishindwa hakuwa akiwasingizia. Aliyeinunua chupa hakuwa mjinga pia, kwani mbele yake hapakuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa kati ya ngano na ushuhuda. Fanani wa ngano hutuambia "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!" Kwa maneno hayo mawili tumekubaliana kwamba tunaingia katika ulimwengu wa kubuni, na tukimaliza kila mtu anajua kuwa raha mustarehe ya mwisho ni ya hadithini. Ushuhuda unachukua muundo wa ngano na kuondoa paukwa. Badala yake unaweka jina kamili na anwani, ili msomaji aingie kana kwamba anaingia mahakamani.

Kipo pia kipimo cha wakati kinachostahili kuangaliwa. Katika barua hizi wakati haupimwi kwa miezi tu bali kwa chupa: baada ya chupa ya pili alifanya hivi, baada ya chupa ya sita alifanya vile. Kifani, hii ni takriri inayojenga taharuki na kuitatua hatua kwa hatua. Kibiashara, ni orodha ya manunuzi. Msomaji anapomaliza hadithi tayari anajua anunue chupa ngapi, na ikiwa chupa moja haikumsaidia, hadithi imekwisha mweleza kwamba alikata tamaa mapema.

Anachokijua msimulizi

Tunafundishwa kuuliza msimulizi wa nafsi ya kwanza anajua nini na amekijuaje. Swali hilo likiulizwa hapa, barua hugawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni hisia: niliumwa, nilivimba, nililala vizuri, nilirudi shambani. Juu ya mambo haya msimulizi ndiye shahidi bora, na hakuna mwenye haki ya kumkatalia. Sehemu ya pili ni sababu: zilikuwa figo, na kilichoniponya ni chupa hii. Juu ya mambo haya hana ushahidi wowote zaidi ya mfuatano wa matukio. Nguvu ya ushuhuda inatokana na kuziunganisha sehemu hizi mbili katika sentensi moja, ili uaminifu tunaompa katika ya kwanza umwagikie ya pili.

Tuanze na figo zenyewe. Maumivu mengi ya mgongo hutokana na misuli na mifupa. Ugonjwa sugu wa figo, kwa upande wake, mara nyingi huenda kimya kwa miaka, na mgonjwa huhisi vibaya wakati figo zimekwisha punguza kazi yake kwa kiasi kikubwa. Matangazo ya zama zile yaliwafundisha wasomaji kinyume chake. Dawa moja mashuhuri iliitwa Doan's Backache Kidney Pills, yaani mgongo na figo viliwekwa ndani ya jina moja. Aliyeumwa mgongo kwa kubeba mizigo alisoma jina hilo akaondoka na ugonjwa wa figo, kisha akaununulia dawa. Alipopata nafuu, kama migongo mingi inavyopata nafuu yenyewe, akaandika kwa moyo mweupe kwamba figo zake zimepona.

Jina la ugonjwa nalo lilikuwa pana. Richard Bright, daktari wa Guy's Hospital mjini London, alikuwa ameeleza mwaka 1827 jinsi uvimbe wa mwili na protini katika mkojo vinavyohusiana na figo zilizoharibika. Jina lake lilikuja kubeba magonjwa mengi ambayo leo yametenganishwa. Mengine kati ya hayo hupona yenyewe, kama uvimbe wa figo unaofuata maambukizi ya koo, hasa kwa watoto. Mengine hayarudi nyuma. Walioitwa kwa jina moja hawakuwa na hatima moja.

Hapa lazima tumpe Warner haki yake, maana yeye ndiye pingamizi kubwa kwa hoja yangu. Alisema amepona ugonjwa wa Bright, na alifariki mwaka 1923, zaidi ya miaka 40 baada ya kuanza kuuza dawa yake. Je, maisha marefu hivyo si ushahidi? Ni ushahidi kwamba figo zake hazikufa. Si ushahidi wa kilichoziokoa. Mtu mmoja aliyepona hawezi kutuambia angekuwaje kama asingekunywa, kwa kuwa hakuishi maisha mawili. Ili tujue, tungehitaji wengi waliokunywa na wengi ambao hawakunywa, na tungehitaji kuwahesabu wote, wakiwemo wasioandika barua.

Tuongeze kwamba dawa nyingi za aina hii zilikuwa na pombe. Mgonjwa aliyekuwa akichukia kileo alikunywa vijiko vyake kila siku akajisikia mchangamfu, akasema kweli kwamba amejisikia hivyo.

Lugha na nani anayechagua

Lugha ya barua hizi ni ya kawaida, haina istilahi za kitabibu, na hilo ni sehemu ya mvuto wake. Msomaji anaisikia sauti ya mtu kama yeye. Lakini barua haijichapishi. Kampuni ilipokea barua, ikachagua, ikaipa kichwa cha habari na kuilipia nafasi gazetini. Aliyekunywa chupa kumi akafa hana kalamu, na aliyekunywa asione tofauti haoni sababu ya kununua stempu. Hivyo mkusanyiko mzima, hata kama kila barua ni ya kweli, hutoa picha ya uongo. Uongo huo hauna mwandishi. Umetokana na uchaguzi.

Kuna wakati hata mwenye sauti hakuwepo. Lydia Pinkham wa Lynn, Massachusetts, alikuwa na dawa iliyojulikana zaidi kwa magonjwa ya wanawake, ingawa ilitangazwa kwa matatizo ya figo pia. Alifariki mwaka 1883. Miaka zaidi ya 20 baadaye matangazo bado yaliwaalika wanawake wamwandikie Bi. Pinkham matatizo yao. Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal lilichapisha picha ya jiwe la kaburi lake. Huo ni uhakiki mfupi na mzuri kuliko mingi niliyoisoma: hoja haikushambulia mtindo wala maudhui, ilionyesha tu tarehe.

Magazeti mengi hayakuweza kufanya hivyo. Mwaka huohuo jarida la Collier's lilifichua kwamba mikataba ya matangazo ya dawa ilikuwa na kifungu kilichochapwa kwa wino mwekundu, kikisema mkataba utavunjika iwapo jimbo litapitisha sheria ya kuzibana dawa hizo. Mhariri aliyekaa kimya alikuwa analinda mapato yake.

Sura iliyokosekana

Ni katika Collier's pia ambapo Samuel Hopkins Adams alianza, Oktoba 1905, mfululizo wake wa makala kuhusu ulaghai wa dawa hizi. Alikadiria kwamba Wamarekani wangetumia takribani dola milioni 75 kwa dawa hizo katika mwaka mmoja. Mwaka 1906 ilipita sheria iliyolazimisha lebo kutaja vitu kama pombe, afyuni na kokeini. Dawa ya Warner ikabadilisha neno moja katika jina lake: neno la kuponya likatoka, likaingia neno la kawaida lenye maana ya dawa. Barua za waliopona hazikuguswa.

Sheria ile ilikuwa na tundu la kilugha. Mwaka 1911, katika kesi ya dawa iliyodaiwa kuponya saratani, Mahakama Kuu ya Marekani, kwa uamuzi ulioandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, ilisema kuwa sheria inakataza uongo kuhusu kilichomo ndani ya chupa, haikatazi madai kuhusu uwezo wa kuponya. Bunge likarekebisha mwaka 1912, likakataza madai ya uponyaji yaliyo ya uongo na yenye nia ya kulaghai. Maneno haya ya mwisho yalikuwa na uzito kuliko yote. Sasa serikali ilipaswa kuthibitisha kilichomo moyoni mwa muuzaji.

Matokeo yake yalionekana katika kesi ya Banbar, dawa iliyotengenezwa kwa mmea wa porini na kuuzwa kwa wagonjwa wa kisukari, ugonjwa ambao leo ni miongoni mwa sababu kuu za kufa kwa figo. Insulini ilikuwa tayari imeanza kutumika tangu mwaka 1922, kwa hiyo aliyeiacha akanywa Banbar aliacha kitu kilichoweza kumwokoa. Muuzaji alileta barua za shukrani. Serikali ilileta vyeti vya kifo vya watu walioziandika. Hizo ndizo sura zilizokosekana, na zilisomwa mbele ya baraza la mahakama. Hata hivyo serikali ilishindwa. Kama sheria inauliza nia, mtu anayepokea barua za shukrani kila siku atathibitishwaje kuwa hakuiamini dawa yake? Ushuhuda uliowavuta wanunuzi ndio uliogeuka ngao ya muuzaji. Na waandishi wake, waliokuwa wamesema kweli waliyoihisi, walikuwa wamekwisha zikwa.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziweka barua na vyeti hivyo pamoja katika maonyesho ya hadhara katika miaka ya 1930. Mwaka 1937 dawa ya maji iliyochanganywa na kimiminika chenye sumu iliua zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto, kwa kuharibu figo zao. Sheria iliweza kuikamata kwa kosa moja tu la lebo: iliitwa eliksiri, jina linalomaanisha dawa yenye pombe, na pombe haikuwamo. Mwaka 1938 ilipita sheria mpya iliyotaka dawa mpya zithibitishwe usalama wake kabla ya kuuzwa, na iliyoondoa sharti la kuthibitisha nia ya kulaghai. Tangu hapo swali likawa kama dai ni la kweli.

Hitimisho

Sisemi kwamba mitishamba haina kazi. Dawa nyingi za hospitali zilianzia kwenye mimea, na mmea unaweza kupimwa kama kitu kingine chochote. Sisemi pia kwamba mgonjwa anaposimulia asisikilizwe. Daktari asiyemsikiliza mgonjwa anakosa nusu ya kazi yake. Ninachosema ni kwamba tumsikilize mgonjwa kwa yale anayoyajua, na tusimbebeshe yale asiyoyajua.

Ushuhuda wa redioni na wa simu katika miji yetu una muundo ule ule nilioueleza: mateso, madaktari walioshindwa, mtoaji, idadi ya chupa, shukrani. Wanaousikiliza wamo wenye shinikizo la damu na kisukari ambao kipimo rahisi cha damu na mkojo kingewaonyesha hali ya figo zao mapema, na ambao kudhibiti shinikizo na sukari kungewaongezea miaka. Kwa mtu kama huyo, miezi sita ya kunywa chupa huku akiacha kliniki ni muda ambao figo hazitaurudisha.

Ndiyo maana ninapendekeza kwa walimu wetu kwamba ushuhuda uingizwe katika somo la uhakiki, pamoja na ngano, visasili na mawaidha. Tuna zana zinazohitajika. Mwanafunzi aulize msimulizi anajua nini na amekijuaje, aulize nani amechagua hadithi hii kati ya zilizokuwepo, na aulize hadithi iliishia tarehe gani na nini kilifuata. Maswali mawili ya kwanza yanaweza kujibiwa mezani kwa kusoma. La tatu litamlazimu kutoka nje ya maandishi, kwenda kwa ndugu wa msimulizi, kwenye kumbukumbu za hospitali au kwenye daftari la vifo. Mazoezi ya darasani yetu humalizika kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu. Kwa utanzu huu, kazi ya mhakiki inaanzia hapo.